Ukuta na Mzigo Wake

Msomaji, utazame ukuta ulio karibu nawe. Pengine umetundikwa saa, ramani, picha ya wazee, au rafu iliyojaa vitabu. Huna wasiwasi nao, kwa kuwa umezoea kuamini kwamba ukuta ni ukuta, na kilichotundikwa hukaa. Lakini kuta si za namna moja, na ukuta uwezao kubeba saa huenda usiweze kubeba kabati. Kioo kizito kikianguka usiku juu ya kitanda cha mtoto, hakiulizi kama aliyekitundika alikuwa na nia njema. Basi si upuuzi kuuliza jinsi wanadamu walivyojifunza kutundika vitu vizito majumbani mwao, na ni lipi katika mafunzo hayo litufaalo leo.

Tuanze na nyumba iliyo karibu nasi, nyumba ya fito na udongo. Mjenzi wake husimamisha nguzo, hufunga fito, kisha hukandika. Mwenye nyumba hiyo hatundiki kibuyu kilichojaa katika udongo mtupu, maana ajua kwamba udongo utamomonyoka. Hukitundika katika nguzo au katika boriti ya paa. Udongo ni ngozi ya nyumba, na nguzo ni mifupa yake. Mzigo hupewa mfupa, haupewi ngozi. Maneno haya uyaweke moyoni, kwa sababu historia yote inayofuata ni maelezo yake.

Watu wa Lamu walipita njia nyingine. Katika majumba yao ya mawe ya karne ya 18, kuta zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na unene wake ulikaribia nusu mita. Ukuta wa namna hiyo ulikuwa na nafasi ya kutosha ndani yake mwenyewe. Mafundi walifanya vidaka, ambavyo wenyeji huviita zidaka, safu juu ya safu, na humo vikapangwa vyombo vya kaure vilivyotoka ng'ambo. Mzigo haukuning'inizwa juu ya uso wa ukuta, bali ulikalishwa ndani ya mwili wake. Chombo kilichokaa hivyo hakina msumari wa kukisaliti.

Huko Uingereza, katika karne ya 19, vyumba vingi viligawanywa kwa viambaza vya papi na lipu. Papi nyembamba za mbao zilipigiliwa juu ya nguzo za mti, na lipu ikapakwa juu yake. Lipu hiyo ilipasuka upesi ilipopigwa misumari. Kwa hiyo ikawa desturi kufunga ubao mwembamba wa urembo kuuzunguka ukuta, karibu na dari, na kuupigilia imara. Picha nzito zilining'inizwa kutoka katika ubao huo kwa kulabu na kamba ndefu. Lipu ilibaki nzima, na uzito ukabebwa na mti.

Shida ya kuta za matofali na mawe ilikuwa tofauti, maana parafujo haishiki katika jiwe kama ishikavyo katika mti. Fundi alilazimika kuchimba tundu kubwa kwa tindo na nyundo, akapigilia kipande cha mti ndani yake, ndipo akatia parafujo katika mti huo. Kazi hiyo ilikuwa ndefu, tena iliharibu ukuta. Mnamo mwaka 1911, fundi mmoja wa London, John Joseph Rawlings, alikabiliwa na kazi ya kufunga vyombo vya umeme katika jumba la makumbusho la British Museum, ambako kuta hazikutakiwa kuharibiwa. Alibuni kizibo kidogo cha nyuzi za juti zilizogandishwa kwa gundi na damu ya wanyama. Kizibo kiliingia katika tundu jembamba; parafujo ilipokazwa ndani yake, kilitanuka na kubana kingo za tundu kwa nguvu. Kiliitwa Rawlplug, na jina hilo lingali midomoni mwa mafundi wengi wa Kenya, hata wanaposhika kizibo kilichotengenezwa na kampuni nyingine. Mwaka 1958, Mjerumani Artur Fischer alibuni kizibo cha nailoni, ambacho hakiozi wala hakishiki kutu. Fischer alianza maisha kama fundi wa kufuli. Alipofariki mwaka 2016 alikuwa na hati za uvumbuzi zaidi ya 1,100.

Lakini wakati jiwe lilipokuwa likipata dawa yake, aina nyingine ya ukuta ilikuwa imekwisha zaliwa Marekani. Mwaka 1894, Augustine Sackett alipewa hati ya uvumbuzi wa ubao uliofanywa kwa matabaka ya karatasi na lipu ya jasi. Jasi ni jiwe laini. Karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wake ni maji yaliyofungamana nalo, na moto ukiliunguza, maji hayo hutoka kama mvuke na kuuchelewesha moto. Mwaka 1909, kampuni ya United States Gypsum iliinunua kampuni ya Sackett, na baadaye ubao huo ukawa na tabaka moja la jasi katikati ya karatasi mbili. Majengo mengi ya maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1933 na 1934 yalifunikwa kwa ubao huo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari walirudi makwao na nyumba hazikutosha. Lipu ya maji ilipakwa tabaka baada ya tabaka, na kila moja ilingojewa ikauke. Ubao wa jasi haukungoja. Katika mji wa Levittown, karibu na New York, nyumba zaidi ya 17,000 zilijengwa kati ya mwaka 1947 na 1951, na kuta zake za ndani zilikuwa za ubao huo.

Siku hizi viambaza vya jasi vimefika kwetu pia, katika ofisi, maduka na nyumba za Nairobi. Vikipakwa rangi, macho hayavitofautishi na ukuta wa mawe. Wahenga walisema kwamba mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Hapa ngumi yaweza kupenya, kwa kuwa unene wa ubao ni kama sentimita moja na robo tu, na nyuma yake ni uwazi. Kizibo cha Rawlings, kilicho hodari katika jiwe, hakina jiwe la kubana hapa. Jasi husagika ikawa unga.

Basi ufanyeje? Kwanza, ugonge ukuta kwa kifundo cha kidole. Mlio mtupu ni wa uwazi. Mlio mzito ni wa nguzo. Sumaku nayo husaidia, maana hunasa penye parafujo zilizofunga ubao katika nguzo. Marekani nguzo hizo kwa kawaida huwa umbali wa sentimita 40 hivi kutoka moja hadi nyingine; kwingineko huweza kufika 60. Nguzo ikiwa ya mti, parafujo ipite katika ubao na kuingia barabara katika mti. Pasipo nguzo, kwa mzigo wa wastani, iko bolti yenye mbawa: hupitishwa ikiwa imekunjwa, hufunguka upande wa pili, na ikikazwa hukumbatia ubao kutoka nyuma. Hata hivyo, bolti haiongezi nguvu ya jasi yenyewe. Mzigo ulio mzito kweli ufungwe katika ubao wa mti uliokingama juu ya nguzo mbili au zaidi.

Kumbuka pia kanuni ya wenzo uliyofundishwa darasani. Picha bapa huvuta chini. Rafu huvuta chini na mbele, na kadiri vitabu vikaavyo mbali na ukuta, ndivyo parafujo ya juu inavyong'olewa. Usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, maana nyaya za umeme mara nyingi hupita hapo. Tena usiuamini ubao ulioingia unyevu, kwani jasi ikilowa hulegea.

Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Mjenzi wa fito na udongo aliijua nguzo kwa kuwa aliisimamisha mwenyewe. Sisi tunapokea kuta zilizokwisha pakwa rangi, na mifupa yake tumefichwa. Kwa hiyo imekuwa wajibu wetu kuitafuta kabla ya kuinua nyundo. Anayelala chini ya rafu hana njia ya kujua kama parafujo imeshika mti au imeshika karatasi. Wewe uliyeifunga ndiye uwezaye kujua, na yakupasa ujue.