Hatukumfikia Binti Mfalme

Muulize mtu yeyote wa rika langu aliyekulia Nyeri, Karatina au Nanyuki miaka ya tisini akueleze mwanzo wa Super Mario Bros. Atakuchorea hewani: kisanduku chenye alama ya kuuliza, kiuyoga kinachokujia kikitembea, bomba la kijani unaloweza kuingia, sarafu zilizofichwa chini ya ardhi. Sasa muulize inaishaje. Wengi wetu hatujui. Gemu ile ina dunia 8, kila moja na hatua nne, jumla hatua 32, na binti mfalme yuko kwenye ile ya mwisho kabisa. Sisi tulimaliza utoto mzima tukiwa dunia ya pili.

Nimejiuliza sana kwa nini, na sidhani ni kwa sababu tulikuwa wachezaji wabovu. Ni historia ya stima, ya pesa ndogondogo, na ya swali moja: nani ana mahali pa kuhifadhi?

Tuanze na mashine. Famicom ya Nintendo ilitoka Japani mwaka 1983, na Mario akafuata 1985. Kwetu haikuja yenyewe. Zilikuja nakala zake kutoka Asia, na tuliyoijua sisi iliitwa Terminator. Kaseti moja ilikuwa na Mario, Contra, Adventure Island na ile gemu ya vifaru. Karatasi ya juu ilidai kuna mamia ya gemu, lakini ukihesabu unapata kumi zinazojirudia kwa majina tofauti.

Kitu kimoja kilikosekana. Nintendo ilipoipeleka The Legend of Zelda Marekani mwaka 1987, iliweka betri ndogo ndani ya kaseti ili ikumbuke mchezaji alipofika. Kaseti zetu hazikuwa na betri. Ukizima, umefuta. Na si wewe tu uliyezima. Stima ilipotea mvua ikianza, baba akataka taarifa ya habari saa moja jioni, au jirani mwenye televisheni akasema haya, endeni kwenu sasa. Kesho yake safari ilianza upya, kwenye kisanduku kilekile chenye alama ya kuuliza.

Halafu vikaja vibanda. PlayStation ilikuwa imetoka Japani Desemba 1994, lakini mimi niliikuta miaka ya 2000, katika chumba kimoja nyuma ya kinyozi karibu na steji ya matatu: benchi, televisheni tatu, na kijana mwenye saa. Hapo ndipo nilipomwona Crash Bandicoot, gemu ya 1996. Yule mnyama wa katuni mwenye rangi ya chungwa anazunguka kama pia, anaruka kutoka kisiwa hadi kisiwa akimtafuta mpenzi wake Tawna, aliyeshikwa na Daktari Neo Cortex. Ilikuwa kama katuni za Jumamosi asubuhi, ila hapa wewe ndiye unayeziendesha.

PlayStation ilikuwa na jibu la kuhifadhi: kadi ya kumbukumbu ya kilobaiti 128, iliyogawanywa nafasi 15. Lakini kadi iliuzwa kando. Na Crash ya kwanza ilikuwa na masharti yake: haikukuruhusu uhifadhi mpaka umalize hatua maalum za ziada au upate kito. Katika kibanda nilichozoea, kadi ilikuwa moja tu, ya mwenye kibanda, na ilikuwa imejaa ligi za mpira.

Hebu piga hesabu kwa upande wake. Mechi ya mpira inachukua dakika kumi na inalipiwa na watu wawili. Aliyefungwa anataka kulipiza, na nyuma yao wamesimama wanne wanaosubiri zamu. Gemu ya safari inachezwa na mtu mmoja kwa masaa mengi, na nusu ya muda huo anazunguka tu akitafuta mlango. Kibiashara, ni hasara. Hakuna aliyezipiga marufuku gemu za safari. Ziliondolewa na saa ya ukutani. Ndiyo maana hadi leo ukitaja gemu pale mjini, mtu anasikia mpira.

Cucu wangu alitukuta siku moja na Terminator sebuleni. Akaangalia kidogo, akauliza, "Huyo mtu mdogo anatafuta nini?"

"Msichana, cucu. Ameibwa na zimwi."

"Irimu," akasema, maana zimwi wake alikuwa na jina la Kikikuyu. Kisha akauliza, "Na watu wa huyo msichana walikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Gemu haisemi.

Nililielewa swali lake miaka mingi baadaye, kupitia kitabu. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, Mwingereza William Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliishi Nyeri, na mwaka 1910 wakachapisha London kitabu kuhusu Wakikuyu. Ndani yake mna hadithi walizosimuliwa. Moja inamhusu msichana aitwaye Wanjiru. Mvua imekataa miaka mitatu. Waganga wanasema Wanjiru anunuliwe ili mvua inyeshe. Watu wanaleta mbuzi, jamaa zake wanawapokea, na msichana anaanza kuzama ardhini, magoti, kiuno, shingo, huku mvua ikimwagika. Kila anapolia, ndugu anayetaka kusogea anapewa mbuzi, anarudi nyuma. Kijana anayempenda anarudi na kuuliza aliko. Anachukua ngao na silaha, anasimama mahali palepale, anazama naye, na kule chini anaikuta njia. Anaifuata mpaka anampata, anambeba mgongoni, anamrudisha juu.

Soma hiyo kama mchezaji wa gemu. Kuna ulimwengu wa chini, kuna njia ya kufuata, kuna msichana wa kuokolewa. Crash na Mario wasingepotea humo. Lakini hakuna zimwi. Wanjiru hakuibwa, aliuzwa na watu wake. Cucu aliwahi kuishi katika vile vijiji vya Hali ya Hatari, ambamo serikali ya mkoloni ilihamishia kwa nguvu watu zaidi ya milioni moja kuanzia 1954, na ambamo mlinzi mwenye silaha getini aliweza kuwa binamu yako. Kuuliza watu wake walikuwa wapi lilikuwa swali la mtu aliyejua.

Hadithi hii nayo ilikuwa na tatizo la kuhifadhi. Kadi yake ilikuwa vichwa vya akina cucu, na ilihitaji usiku mrefu na watoto wasio na haraka. Mimi sikuipata kwa cucu. Niliisoma kwa Kiingereza, kwenye simu, kutoka kitabu cha London. Mtu aliihifadhi, ndiyo, lakini kwenye kadi yake.

Wapo waliojaribu kuwa na kadi yetu. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya safari ambayo shujaa wake ni mwanamke wa Kiafrika anayetafuta vitu vya kale vya bara hili. Aliitengeneza kwa bidii yake mwenyewe, kabla nyaya za baharini hazijatuletea intaneti ya kasi 2009, mwaka ambao yeye na Mghana Eyram Tawia walianzisha Leti. Na Shigeru Miyamoto, baba wa Mario na Zelda, amesema mara nyingi kwamba Zelda ilitokana na utoto wake Sonobe, karibu na Kyoto, alipokuwa akitembea vilimani na kuingia pangoni na taa. Sisi tuna mapango ya Mau Mau kule Nanyuki, tuna msitu wa Aberdare, tuna mlima wenyewe. Pango si tatizo.

Siku hizi mpwa wangu anacheza Genshin Impact, ya kampuni ya miHoyo ya China, iliyotoka Septemba 2020. Ni ya katuni, nzuri mno, ina nyasi zinazoyumba na milima ya kupanda. Stima ikipotea haogopi, kila kitu kimehifadhiwa. Kimehifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni, naye hukifikia akiwa na bando.

Juzi nilimsimulia ya Wanjiru. Alipenda kuzama, alipenda njia ya chini. Akauliza bosi wa mwisho ni nani. Nikamwambia hadithi inavyoisha: kijana anamficha Wanjiru nyumbani kwa mamake, anamlisha mpaka anapata nguvu, kisha anatokea naye ngomani amepambwa. Jamaa zake wanamkimbilia. Kijana anawafukuza kwa kuwapiga. Siku ya nne anajuta, anasema hata hivyo ni wazazi na ndugu zake, anawalipa mahari na kumwoa.

"Anawalipa tena?" akauliza mpwa wangu. "Wale waliomuuza?"

Tulibishana hadi saa nne usiku. Simu ilikuwa mezani.