UZI: Ngamia, korona na karantini

1/ Magonjwa ya mlipuko yakiingia kwenye siasa, huwa nasikia kelele mbili. Huku: "Huu ugonjwa si wetu, wafadhili wametuletea." Kule: "Fungeni masoko, fungeni mipaka." Sitataja mtu wala chama. Nachukua ugonjwa mmoja tu, MERS, tufuate historia yake hapa Kenya, kisha mpime hizo kelele wenyewe.

2/ MERS husababishwa na virusi vya korona. Si vile vya 2020, ila ni wa ukoo mmoja. Vilitambuliwa 2012 baada ya mgonjwa kufariki Jeddah, Saudi Arabia. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limehesabu wagonjwa kama 2,600 katika nchi 27, wengi wao Saudi Arabia. Zaidi ya thuluthi moja walikufa. Si homa ya kuchezea.

3/ Muda si mrefu wanasayansi wakafika kwa ngamia. Ngamia mwenyewe haumwi sana: makamasi kidogo, hasa ndama, basi. Binadamu huvipata akiwa karibu sana na mnyama.

4/ Sasa sikizeni. Kulikuwa na damu ya ngamia wa Kenya iliyohifadhiwa kwenye friza, ya kuanzia 1992 hadi 2013. Watafiti wakapima sampuli 774. Karibu 3 kati ya kila 10 zilikuwa na kingamwili, ile alama inayobaki mwilini baada ya kupambana na virusi. Damu ya ngamia wa Somalia ya 1983 nayo ilikuwa hivyo hivyo. Maanake virusi vilikuwa kwetu miaka mingi kabla havijapewa jina. Hiyo ya "wametuletea juzi" haisimami.

5/ Mbona basi jina linasema Mashariki ya Kati? Kwa sababu hospitali iliyogundua ilikuwa huko. Lakini ngamia wengi wa dunia wako Pembe ya Afrika, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4 Kenya pekee. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba magonjwa mapya yasiitwe kwa majina ya mahali, watu wala wanyama. MERS ilikuwa mojawapo ya mifano ya makosa.

6/ Na watu je? Damu ya watu 1,122 wanaoshughulika na mifugo Kenya ilipimwa, ya 2013 na 2014. Wawili tu ndio walithibitishwa kuwa na kingamwili. Mlipuko wa MERS kwa binadamu hatujaupata. Sababu moja inayotajwa ni kwamba virusi vya ngamia wa Afrika vinatofautiana na vya Uarabuni, na kwenye maabara vinaonekana dhaifu zaidi kwenye mapafu ya binadamu. Lakini pia tuulize: mchungaji akikohoa ndani kabisa ya Marsabit, nani humpima?

7/ Kwa sisi wa Dagoretti hii si habari ya mbali. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, iko hapo Uthiru. Maabara za mifugo za Kabete ziko jirani. Ni Kabete ambako homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa 1931, baada ya kondoo kufa kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha. Ila tusisahau: mkoloni alijenga maabara hizo kwanza kwa ajili ya mifugo ya walowezi.

8/ Kaskazini haikupata maabara. Ilipata karantini. Kwa Sheria ya Wilaya za Mbali ya 1902, kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Ng'ombe wa huko walizuiwa kushuka sokoni mara kwa mara kwa sababu ya homa ya mapafu, na mlowezi akabaki na soko bila mshindani. Uhuru ukaja, na Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ukasema fedha za maendeleo ziende penye ardhi nzuri na mvua. Kaskazini ikarudi nyuma ya foleni.

9/ Kwa hivyo ukisimama jukwaani useme "ngamia wana korona", mfugaji anasikia karantini. Na si uoga wa bure. Misri, 2009, serikali iliamuru nguruwe wapatao 300,000 wachinjwe kwa sababu ya homa ya nguruwe, ilhali walioeneza ugonjwa walikuwa watu. Wazoataka wa Cairo, waliowafuga, ndio waliumia.

10/ Lakini kukana nako si jibu. Korea Kusini, 2015: msafiri mmoja alirudi kutoka Ghuba. Wakaugua watu 186, wakafa 38. Hapo ngamia hakuhusika tena. Ugonjwa ulienea hospitalini: vyumba vimejaa, wagonjwa wanahama hospitali moja hadi nyingine, jamaa wanalala kando ya kitanda. Hebu fikiria wodi unayoijua wewe.

11/ Kwa hivyo maswali ya kumuuliza anayetaka kura yako ni haya. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti udhibiti wa magonjwa ya mifugo, vichinjio na vituo vya afya. Sera ni ya serikali kuu.
– Kaunti imeajiri madaktari wa mifugo wangapi?
– Damu ya ngamia ikichukuliwa, majibu humrudia mwenye ngamia?
– Soko likifungwa, nani anamlipa mfugaji?
– Wodi ina nafasi ya kumtenga mgonjwa mmoja?

12/ Na wewe unayenunua maziwa ya ngamia Eastleigh, endelea kununua. Yachemshe tu. Ukishika mnyama, nawa mikono.

13/ Msimamo wangu: virusi hivi viko kwetu tangu zamani, na kukubali hivyo hakumpi mtu ruhusa ya kumfungia mfugaji soko. Tumeshajaribu karantini bila huduma, kwa miongo. Haikumponya mtu. Mwenye swali aweke hapa chini, nitajibu nikitoka darasani.