Barafu ya Aktiki inavyogusa majira ya joto ya Uingereza

WAKATI wakazi wa nyanda za juu za Kenya wanapojifunika makoti mwezi wa Julai, Uingereza huwa katika majira yake ya joto, yaani kipindi cha Juni hadi Agosti ambapo watu huenda likizo na ngano hukomaa mashambani.

Hata hivyo, tangu mwaka wa 2007 hadi 2012, Ulaya Kaskazini, Uingereza ikiwemo, ilipata mvua kupita kawaida katika majira hayo kwa miaka sita mfululizo. Mafuriko ya Juni na Julai 2007 yaliwaua watu 13 nchini Uingereza na kuingia katika nyumba na majengo ya biashara yapatayo 55,000. Baadhi ya wataalamu wakaanza kuitazama bahari ya Aktiki, iliyoko kaskazini kabisa mwa dunia.

Bahari hiyo hubeba barafu inayoelea, ambayo hupungua hadi kiwango chake cha chini kila Septemba. Barafu yenye theluji hurudisha angani sehemu kubwa ya miale ya jua, ilhali maji yaliyo wazi huifyonza. Hivyo, barafu ikipungua bahari hupata joto, nalo joto hilo huyeyusha barafu zaidi. Septemba 2012 ilibaki barafu ya takriban kilomita mraba milioni 3.4, ikilinganishwa na karibu milioni 7 mwezi huo mwaka wa 1979.

Mabadiliko hayo huweza kuifikia Uingereza kupitia upepo wa kasi uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, kilomita zipatazo 10 juu ya ardhi. Upepo huo hutokana na tofauti ya joto kati ya maeneo ya baridi ya kaskazini na yale ya joto ya kusini. Ukipita kaskazini mwa Uingereza, nchi hupata jua. Ukishuka kusini, huelekeza dhoruba za bahari ya Atlantiki juu yake.

Mnamo 2013, mtafiti James Screen wa Chuo Kikuu cha Exeter alionyesha, kwa kutumia kompyuta, kwamba kupungua kwa barafu kunaweza kuusukuma upepo huo kusini. Lakini wataalamu Rowan Sutton na Buwen Dong wa Chuo Kikuu cha Reading walikuwa wamehusisha mvua hizo na kuongezeka kwa joto la Atlantiki ya kaskazini tangu miaka ya 1990.

Miaka iliyofuata ilidhihirisha kwamba barafu si kigezo pekee. Majira ya joto ya 2013 yalikuwa makavu, na Julai 2022 mji wa Coningsby ulifikia nyuzijoto 40.3, ingawa barafu ilikuwa bado haijarejea kiwango chake cha zamani.

Ugumu wa kubashiri majira hayo una gharama. Aprili 2009, idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilitangaza uwezekano mkubwa wa msimu mzuri wa kuchoma nyama nje. Julai ikanyesha mvua kubwa. Mwaka wa 2010 idara hiyo ikaacha kutangazia umma utabiri wa msimu mzima.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Barafu ya Aktiki ni dalili ya mbali zaidi, na mkulima wa Uingereza hawezi kuitegemea peke yake. Hana budi kujiandaa kwa mafuriko na kwa ukame pia.