Mlango wa Fumbo: Mianzo ya Hadithi za Upelelezi, Njoro na Unguja

Mwanzo wa hadithi ya upelelezi ni mapatano. Mtunzi huahidi kwamba lililositirika litafichuliwa. Msomaji naye huridhia kufichwa kwa muda. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Afrika Mashariki mapatano hayo yamefungwa kwa njia mbili, na kwamba tofauti yake inatuuliza swali zito: ni maarifa ya nani yanayopewa uzito tangu fumbo linapotegwa?

Kwa kawaida historia ya utanzu huu huanziwa Unguja. Hata hivyo, Bonde la Ufa la kati lilikwisha kuingia katika hadithi za namna hii mapema zaidi, ingawa si kwa Kiswahili. Elspeth Huxley (1907–1997), ambaye mama yake alikuwa na shamba Njoro tangu miaka ya 1920 hadi 1965, alitoa riwaya tatu za upelelezi kwa Kiingereza: Murder at Government House (1937), Murder on Safari (1938) na Death of an Aryan (1939). Koloni iitwayo Chania ni ya kubuni, lakini mtu wa Njoro au Molo hatashindwa kuitambua nchi ya walowezi na pareto yao.

Murder on Safari inaanza kwa mwindaji wa Kizungu kumwendea Vachell, mkuu wa upelelezi, kumweleza juu ya vito vilivyoibiwa kambini. Mgeni aletaye kisa ni desturi iliyoimarishwa na Arthur Conan Doyle katika hadithi fupi alizoanza kuzichapisha katika jarida la Strand mwaka 1891. Lakini chumba cha Sherlock Holmes ni cha raia, hali ofisi ya Vachell ni ya serikali ya kikoloni. Msomaji anaingizwa katika fumbo kupitia mlango wa dola. Mwafrika yumo, ila kama mtumishi, askari au shahidi. Katika Death of an Aryan, hata sumu ya mishale, ambayo kwa wenyeji ni elimu, inageuzwa kuwa ajabu ya kumtisha msomaji wa mbali.

Sasa tumtazame Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi. Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Ni kweli kwamba Bwana Msa, pamoja na kiko chake na sahibu yake Najum, ni jamaa ya Holmes. Lakini Abdulla aliazima mtu, hakuazima mlango. Maiti ya tajiri Ali Bomani inapatikana mzimuni, mahali ambapo hofu yake ni mali ya jamii nzima. Msomaji hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanapaogopa. Anaingia na hofu hiyo moyoni, kisha analazimika kuipima kwa akili, kwani aliyeua ni binadamu.

Hapa naona urithi wa kitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" hadhira ikajibu, "Tega!" Wakishindwa, humpa mji, ndipo atoe jibu. Mchezo huo ni wa haki kwa sababu vipande vya jibu vimo katika maneno ya kwanza, na vinatokana na vitu ambavyo wote wanavijua. Mtu asiyeijua nchi hawezi kutegewa kwa haki. Anaweza kushangazwa tu. Huxley aliwatega wasomaji wa kwao kwa nchi ya wengine. Abdulla aliwatega watu wake kwa nchi yao.

Jambo hili lina uzito kwetu tunaofundisha Njoro, mahali ambapo shule ya kilimo iliyoasisiwa mwaka 1939 ilipata kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987. Mwanafunzi wetu anapoandika hadithi fupi ya upelelezi, mara nyingi huanza kwa simu kulia katika ofisi ya inspekta. Kosa lake si kuiga, maana hata Abdulla aliiga. Kosa ni kupita mlango ambao jamii yake haiingilii, akauacha ule ambao majirani zake wa Menengai na Bahati wangeutambua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.