Nyumba za wageni zisizo na leseni Mbarara na Nakivale: namna ya kuzikadiria

Mbarara ni mji wa njia panda. Magari yatokayo Kampala hupita hapo kuelekea Katuna na Mirama Hills kwenye mpaka wa Rwanda, Kikagati kwenye mpaka wa Tanzania na Mpondwe kwenye mpaka wa Congo. Ng'ambo ya mto Rwizi kuna kilima cha Nyamitanga chenye kanisa kuu la Katoliki, na katika wilaya jirani ya Isingiro kuna makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Madereva, wafanyabiashara, mahujaji, watalii na watumishi wa mashirika wote wanahitaji pa kulala. Wengine hulala hotelini, na wengine katika nyumba au vyumba vinavyokodishwa kwa siku chache bila leseni.

Nyumba hizo ni ngapi? Makala haya yanaeleza namna ya kupata jibu kwa kutumia takwimu zilizo wazi kwa kila mtu.

Sheria inasemaje

Sheria ya Utalii ya Uganda ya mwaka 2008 inaipa Bodi ya Utalii (UTB) kazi ya kusajili, kukagua na kutoa leseni kwa malazi ya watalii. Halmashauri nazo hutoa leseni ya biashara, na tangu mwaka 2008 zina uwezo wa kutoza kodi ya hoteli. Mwenye gesti yenye leseni hubeba gharama zote hizo, wakati jirani yake asiyesajiliwa hupanga bei ya chini.

Suala si kodi peke yake. Januari 2024, baada ya wanawake wawili kuuawa katika nyumba za kukodisha kwa siku Nairobi, serikali ya Kenya iliagiza nyumba za aina hiyo zisajiliwe na mamlaka inayosimamia utalii.

Takwimu zinapatikana wapi

1. Matangazo ya intaneti. Airbnb, Booking.com na mitandao mingine huonyesha vyumba, bei na maoni ya wageni. Mradi wa Inside Airbnb, ulioanzishwa na Murray Cox, hukusanya matangazo ya miji mingi, Cape Town ikiwemo, na kuyatoa bure.

2. Ramani ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Humo zimo hoteli na nyumba za wageni.

3. Orodha za serikali: malazi yaliyosajiliwa na leseni za biashara zilizotolewa na halmashauri.

4. Takwimu za watu. UBOS hutoa matokeo ya sensa, ya karibuni ikiwa ya mwaka 2024. UNHCR hutoa idadi ya wakimbizi kwa kila makazi, Nakivale ikiwa mojawapo. Hizi huhesabu watu, si vitanda. Hutumika kulinganisha eneo na eneo tu.

Hesabu ya kwanza: nyumba ngapi

Tuseme orodha ya mtandaoni ina nyumba 60 na orodha ya ramani ina 40, na nyumba 20 zimo katika zote mbili. Zidisha 60 kwa 40, kisha gawanya kwa 20: unapata 120. Ulizoziona kwa macho ni 80, kwa hiyo makadirio yanasema 40 hazimo katika orodha yoyote. Kama zenye leseni ni 70, zisizo na leseni ni kama 50. Hii ni mifano ya kufundishia. Si takwimu za Mbarara.

Njia hii ni ya zamani. Wataalamu wa samaki na ndege huitumia: hukamata, hutia alama, huachia, kisha hukamata tena. Sharti lake ni kwamba orodha mbili zisitegemeane. Ikiwa zote hupenda nyumba kubwa za kando ya barabara kuu, zitafanana mno, na jibu litakuwa dogo kuliko ukweli.

Hesabu ya pili: usiku ngapi

Si kila mgeni huacha maoni. Inside Airbnb huchukulia kuwa nusu ya wageni huacha. Makadirio mengine yamekuwa asilimia 72 au asilimia 30.5. Nyumba yenye maoni 24 kwa mwaka, kila mgeni akilala siku 3, hutoa usiku 100 kwa kiwango cha 72, usiku 144 kwa nusu, na usiku 236 kwa kiwango cha 30.5. Anayekutajia namba moja bila kueleza kiwango alichotumia hajakwambia kitu.

Mambo ya kuangalia

Tangazo si nyumba. Nyumba moja huweza kutangazwa mara tatu, kila chumba peke yake, au katika mitandao miwili. Pia alama ya Airbnb kwenye ramani huweza kusogezwa hadi mita 150, hivyo nyumba ya Nyamitanga huweza kuonekana ng'ambo ya pili ya Rwizi.

Kutoonekana katika orodha ya leseni si ushahidi wa kosa. Jina la biashara huweza kuandikwa tofauti, au leseni ikawa mbioni. Linganisha jina, mtaa na simu kabla ya kuhesabu.

Msimu nao una kazi yake. Wiki ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Mbarara si sawa na wiki ya kawaida.

Zaidi ya yote, vyumba vingi vya Nakivale na vya mitaa ya pembeni havitangazwi mtandaoni. Mgeni huelekezwa na dereva wa boda boda au mwenye duka. Hapo intaneti pekee itatoa jibu karibu na sifuri. UBOS na Benki Kuu ya Uganda walikutana na tatizo kama hilo katika biashara ya mpakani isiyoandikishwa: waliweka watu vituoni kuhesabu mizigo kwa siku kadhaa za mwezi, kisha wakakadiria mwezi mzima. Malazi nayo yanaweza kufanyiwa hivyo: chagua mitaa michache kwa bahati nasibu, tembea nyumba kwa nyumba, kisha linganisha na orodha zako.

Matumizi ya makadirio

Makadirio yanafaa kuonyesha ukubwa wa jambo, si kumshitaki mtu. Toa jibu la chini na la juu, na tarehe ya takwimu. Usichapishe majina, hasa Nakivale, ambako mwenye chumba ni mkimbizi aliyepewa kiwanja cha kutumia na chumba hicho huenda ndicho riziki yake. Halmashauri ikishajua ukubwa, inaweza kupanga ada ambayo mwenye chumba kimoja ataimudu. Bila hivyo, msako utawaondoa wanyonge, na wafanyabiashara wa mpakani watabaki na vitanda vichache na bei ya juu.