Fungu Huru, Si Kikomo

Nimerudishiwa tafsiri yangu ya kijitabu kuhusu kodi ya urithi na zawadi nchini Ujerumani, kilichokusudiwa Waswahili waishio huko. Kila nilipoandika "fungu huru", kalamu ya kamati imekata na kuweka "kikomo kisichotozwa kodi". Kamati haikutoa sababu. Mimi nitatoa zangu.

Kikomo kimezaliwa na kitenzi koma: penye kikomo jambo husimama, halisongi mbele. Mama mmoja aliyesoma rasimu yenye neno hilo aliniuliza, "Kwa hiyo, mwalimu, mwanangu hawezi kurithi zaidi ya euro 400,000?" Hakukosea mama yule, neno ndilo lililompoteza. Mtoto hurithi chochote alichoachiwa. Babake akimwachia akiba ya 450,000, zile 400,000 hutengwa kwanza, na kodi ya asilimia 7 huangukia 50,000 zilizobaki, yaani euro 3,500.

Wajerumani wana maneno mawili. Freibetrag ni kiasi kinachotengwa daima, nami ndicho ninachokiita fungu huru. Freigrenze ni mpaka: tangu 2024, faida ya mwaka ya mauzo binafsi ikifika euro 1,000, hutozwa yote, tangu senti ya kwanza. Huo ndio unaostahili kuitwa kikomo.

Msomi mwingine anashikilia "nisabu". Neno tukufu, lakini mali ikitimia nisabu hutolewa zaka ya mali yote, si ya ziada pekee. Amerudi kulekule kwenye mpaka. Wako pia wapendao "msamaha". Husamehewa aliyekosa, mjane kakosa nini?

Sasa tazameni fungu. Sokoni, muuza nyanya hutenga mafungu juu ya gunia, kila fungu na bei yake, na la kuchukua nyumbani huliweka kando. Katika mirathi, kila mrithi ana fungu lake kwa kadiri ya ujamaa wake na marehemu, na ndivyo sheria hii inavyopima. Baharini, fungu ni mchanga ulioinuka juu ya maji. Wavuvi wa Dar es Salaam wanaijua Fungu Yasini. Kodi na ijae pande zote, fungu limebaki kavu. Na huru tumeipokea kutoka Kiarabu, ikatuzalia uhuru, haihitaji mkalimani.

Matumizi ni mepesi: fungu huru la mume au mke ni euro 500,000, la mtoto, kutoka kwa kila mzazi, 400,000, la mjukuu ambaye mzazi wake yu hai, 200,000, la ndugu, 20,000. Kwa zawadi, huanza upya kila baada ya miaka 10.

Nimeifanya kazi hii kwa moyo, na sikubali ipotoshwe kwa neno moja. Naiomba kamati irudishe fungu huru. La sivyo, iliondoe jina langu katika jalada.