Namba Isiyokuwa Siri

Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta ya Linux au Mac, andika echo $$, kisha bonyeza Enter. Utajibiwa kwa namba, labda 4127. Hiyo ni namba ya mchakato unaozungumza nao. Kila programu inayofanya kazi ndani ya mashine hupewa yake, na wakati huo hakuna nyingine yenye namba hiyo. Waandishi wa skripti wameitegemea kwa zaidi ya miaka arobaini, na mara nyingi wameibebesha mzigo usio wake.

Asili yake ni Bell Labs, huko Murray Hill, New Jersey, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda Unix mwaka 1969. Kwenye mashine yao ya PDP-7, mwanzoni michakato ilikuwa miwili tu, mmoja kwa kila terminali. Baadaye mchakato ukapewa uwezo wa kuzaa mwingine kwa amri ya fork, na hapo ndipo namba inapofanya kazi yake halisi: mzazi hurudishiwa namba ya mwanawe ili aweze kumngoja au kumsimamisha. Katika Unix hiyo namba 1 ilikuwa ya init, babu wa wote.

Mwaka 1979 toleo la saba la Unix lilitoka likiwa na sheli ya Stephen Bourne, programu inayopokea amri na kuendesha skripti. Humo $$ ilitoa namba ya sheli yenyewe, na $! ikatoa namba ya mchakato wa mwisho uliopelekwa nyuma ya pazia. Perl ya Larry Wall (1987) iliichukua $$ kama ilivyo, na Ruby ikafuata. Python ina os.getpid(), PHP ina getmypid(). PowerShell ya Microsoft hutumia $PID, na humo $$ ni kitu kingine kabisa. Hata Bash ina kituko chake: ukiandika $$ ndani ya sheli ndogo, bado utapewa namba ya sheli kuu. Hadi toleo la 4.0 la mwaka 2009 ndipo ilipokuja BASHPID inayosema ukweli.

Mwongozo wa toleo lile la saba ulieleza wazi kwamba namba hii hutumiwa mara nyingi kutungia majina ya mafaili ya muda. Ndiyo maana skripti za zamani zimejaa majina kama /tmp/ripoti.$$. Watu wawili wakiendesha skripti moja kwa pamoja, mafaili yao hayagongani. Ni ujanja mzuri, mradi hakuna mbaya wako kwenye mashine hiyo. Lakini namba hizo zilitolewa kwa kufuatana, kwa hiyo yeyote angeweza kukisia inayofuata, akatanguliza kiungo chenye jina hilo kinachoelekea kwenye faili nyeti, akasubiri skripti ya msimamizi ije iliharibu yenyewe. OpenBSD 2.1 ya mwaka 1997 ilileta amri ya mktemp kuziba tundu hilo.

Mwaka 1995 kosa lilikuwa kubwa zaidi. Ian Goldberg na David Wagner, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waligundua kwamba kivinjari cha Netscape kilitengeneza funguo zake za siri kutokana na saa, namba ya mchakato na namba ya mzazi wake. Mtu mwenye akaunti kwenye mashine hiyo hiyo aliweza kuziona namba zote mbili kwa amri ya ps. Zilizobaki za kukisia zilikuwa sehemu za sekunde tu.

Ungedhani somo limeeleweka. Septemba 2006 Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilifuta mistari michache ndani ya OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri, kwa sababu chombo cha ukaguzi kiitwacho Valgrind kilikuwa kikiilalamikia. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikichanganya vyanzo vya bahati nasibu. Ilipoondoka, kilichobaki kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ya mchakato, na kwenye Linux ya wakati ule namba hizo kwa kawaida hazikuzidi 32,768. Hivyo ufunguo wa aina na urefu fulani, hata ungekuwa wa biti 2,048, ulikuwa mmoja kati ya hizo chache. Luciano Bello aliligundua hilo, na Mei 13, 2008 Debian ikatangaza. Ubuntu nayo, iliyojengwa juu ya Debian, iliathirika. Ndani ya siku chache watu walishatengeneza orodha za funguo hizo, na wasimamizi wa seva wakalazimika kutupa zao na kuanza upya. Kwa karibu miaka miwili hakuna aliyeshtuka!

Tena namba yenyewe haidumu. Ni kama jezi: mchezaji akiondoka, anapewa mwingine. Skripti inayohifadhi namba kwenye faili ili baadaye iue mchakato huo inaweza kumpiga asiyehusika. Linux ilianza kulitibu hilo mwaka 2019 kwa pidfd, kishikio kinachobaki na mchakato ule ule, na Python ikakipokea katika toleo la 3.9.

Kama una skripti yenye /tmp na $$ ndani yake, hasa inayoendeshwa na root, ifungue leo uweke mktemp.